Nimempata

Kambini, British Columbia
18 Agosti 2018

Nafiso mke wangu,

Assalamu alaikum. Nimefika salama, na kabla sijasema lolote jua kwamba mtandao haupo. Simu yangu huku ni ya kutazamia saa tu. Tuko bondeni, milima imetuzunguka, na kila Jumamosi helikopta huleta wageni wapya na kuondoka na wale wa zamani pamoja na barua. Ofisini kuna simu moja ya setilaiti, lakini Paramjit, mwenye kambi, yule shemeji yake rafiki yangu Kewal, amesema hiyo ni ya kifo na mguu uliovunjika. Basi tutaandikiana kama wazee wetu. Na nitaandika Kiswahili, kwa sababu Kisomali chetu ni cha mdomoni, na Kiingereza nikikuandikia nitaonekana naomba kazi. Kiswahili ndicho tulichochapiwa viboko Garissa hadi tukakiandika sawasawa, wewe dawati la mbele, mimi la nyuma.

Nianzie wapi? Nilidhani najua mito. Nimeuona Tana ukifurika na kubeba nyumba za watu. Kewal amenisimamisha ndani ya mto Severn kila Jumapili miaka mitatu, nikirusha mshipi hadi bega linakufa ganzi. Nafiso, nilikuwa sijaona kitu. Maji ya hapa ni ya kijani, na ukiinama unahesabu mawe chini kabisa. Na samoni! Wanapanda kutoka baharini maelfu kwa maelfu, wamegeuka wekundu mgongoni, mpaka mto wenyewe unabadilika rangi. Nilisema Subhanallah kwa sauti kubwa. Mgeni mmoja kutoka Texas akavua kofia, akadhani tumeanza sala.

Kwa sasa kazi yangu ni kuosha boti, kukausha zile suruali za mpira zinazofika kifuani, na kuchemsha chai. Kuvua bado siruhusiwi. Anayenifundisha ni mwongozaji mmoja anaitwa Valérie, Mkanada wa upande wa Kifaransa. Akitazama maji anakwambia samaki amelala nyuma ya jiwe gani, na kweli yupo.

Lakini wageni hawasafiri nusu ya dunia kwa ajili ya samoni. Wanamfuata mwingine, wanayemwita stilhedi, kichwa cha chuma. Huyo hapatikani ovyo. Mtu anaweza kusimama majini wiki nzima, arudi kwao bila hata kumwona mkia. Wakimtaja hapa hushusha sauti.

Tumbo linaendeleaje? Ndege yangu ni tarehe 30 Oktoba, na daktari alisema katikati ya Novemba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Adhana ya mtoto wetu nitaisoma mimi, sikioni mwake, kabla hajasikia neno la mtu mwingine. Msalimie mama yako, Batula.

Wako,
Liban


Saltley, Birmingham
30 Agosti 2018

Liban,

Wa alaikumu salaam. Barua nimeipata na nimeisoma, ila habari za samaki nimeziruka. Nisamehe. Tangu mimba hii iingie, hata neno lenyewe nikiliona limeandikwa, kichefuchefu kinapanda. Juzi nilipita mbele ya duka la samaki pale Alum Rock Road nimejifunika pua kwa mtandio, na mwenye duka akaniuliza amenikosea nini.

Mama naye hakusaidia. Unajua kwao Wajir samaki si chakula, ni aibu. Nilimwambia mkwe wako anachemshia chai watu wanaotafuta samaki. Akasema, "Mdomo unaokula samaki usinisemeshe." Nikamwambia mama, hawamli, wanamtazama tu. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Kewal ni mtu mwema. Anapita kila Ijumaa kuuliza kama nahitaji kitu, anasimama mlangoni, hataki kuingia hadi mama amfokee. Anasema mwezi wa kumi atatupeleka Shrewsbury kuona samoni wakiruka ukuta wa kuzuia maji mtoni. Nimemwambia labda. Mama amemwambia hapana.

Sasa nikuulize jambo dogo. Huyo Valérie ni nani? Umri wake? Ana mume? Barua yako ina kurasa tatu na jina lake nimeliona, hilo sikuliruka. Sisemi kitu. Nauliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya vitunguu.

Mtoto anacheza sana jioni. Nikiweka kikombe cha chai juu ya tumbo anakipiga teke. Usikawie, Liban. Nilikuruhusu uende kwa sababu mwakani umri ungekupita, wasingekupa tena viza ile ya kazi ya vijana, na sikutaka nizeeke na mume anayetazama maji ya bomba kwa huzuni. Lakini tarehe 30 ni tarehe 30.

Nafiso


Kambini
8 Septemba 2018

Nafiso! Nafiso!

Helikopta inawaka, naandika nikiwa nimesimama. Nimempata! Yule niliyekueleza. Wiki nzima nilikuwa namfuata tu kwa macho, nikijiambia si saizi yangu, na leo asubuhi amekubali. Ni wa kike. Sijui nikwambie nini. Ngozi yake inang'aa, ametoka baharini juzi juzi, mashavuni ana wekundu kidogo. Nilimshika kwa mikono miwili, tuko ndani ya maji hadi kiunoni, akatulia kabisa, akanitazama. Nilimbusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Mimi nililia, sioni haya kukuambia. Kisha nikamwachia aende zake, maana ndiyo sheria ya huku, lakini moyo wangu umekwenda naye.

Paramjit anasema nikikaa hadi masika nitapata mwingine, mkubwa kuliko huyu.

Naitwa. Nakupenda.

Liban


Saltley
19 Septemba 2018

Kwa Liban Billow,

Nimesoma barua yako mara moja, nikaketi. Nimesoma mara ya pili, nikasimama. Sijamwonyesha mama, kwa sababu ana shinikizo la damu na mimi bado namhitaji.

Nilimpelekea rafiki yangu Francine kule Aston, maana yeye ni Mkongo, Kiswahili chake ni kingine, nikasema labda yeye ataona maana ambayo mimi siioni. Alivaa miwani. Akasoma hadi "hadi kiunoni", akaiweka miwani mezani. "Ma chérie," akaniambia, "huyu bwana yako amekamatwa, vraiment." Basi hata kwao Uvira maana ni ileile.

Dalili ya mvua ni mawingu. Nilikuuliza kuhusu Valérie kwa adabu, na jibu langu ndilo hili? Mashavu yana wekundu! Ametoka baharini, kwani alikuwa likizo? Na kumbusu mbele ya watu, wakupigie makofi, watu wazima na akili zao! Nimesikia wanaume wanaoficha. Wa kumwandikia mkewe mwenye mimba ya miezi saba, kwa furaha, na alama za mshangao, sijawahi kusikia. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Na sheria gani hiyo ya huko ya kumwachia? Na huyo mwingine, mkubwa kuliko huyu, ni dada yake?

Sitaki kukuapiza, mtoto anasikia. Nasema hivi tu: moyo wako ukishakwenda na mtu, miguu isijisumbue kuja Saltley.

Nafiso binti Dalmar


Kambini
29 Septemba 2018

Nafiso, Nafiso, mke wangu wa pekee,

Ni samaki.

Wallahi ni samaki. Yule stilhedi! Barua ya kwanza nilieleza yote, na wewe ukaziruka kurasa! Paramjit alikuwa amenipa ufito wake wa kuvulia dakika kumi tu, nimshikie akifunga kiatu, na ndani ya dakika kumi hizo samaki akanasa. Valérie ni bibi mwenye wajukuu wanne, alipiga picha, naiambatanisha. Yule niliyembeba ndiye mke mwenzako. Tazama mashavu yake vizuri.

Nimecheka hadi nikaketi chini, kisha nikasoma tena pale ulipoandika kuhusu miguu yangu, nikaacha kucheka. Lawama ni ya lugha yetu. Kisomali kingenilazimisha kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, Kiingereza kingenipa neno la vitu. Kiswahili kinampa samaki heshima ya mtu. Amekuja, amelala, ameondoka. Na ukimwona, Nafiso, utasema Kiswahili hakikukosea.

Usiruke hapa, tafadhali, ziba pua usome. Samaki huyu anazaliwa kwenye kijito hiki akiwa mdogo kama punje ya mchele. Anakaa mwaka, miwili, kisha anaondoka kwenda baharini, na bahari yenyewe ni ile inayofika Japani. Hakuna anayemwongoza. Anakaa huko miaka, kisha siku moja anageuka. Anapita nyangumi, nyavu, maporomoko, anapanda mto huu siku nyingi bila kula kitu, hadi kwenye kijito kilekile. Wanasema anakitambua kwa harufu. Samoni wao wakishataga wanakufa wote, nimewaona kingoni wamelala, na dubu anawabeba msituni, na Valérie amenionyesha kwamba miti iliyo karibu na mto ni minene kwa sababu yao. Misitu hii mikubwa imelishwa na samaki! Nilishika mti nikasema Allahu akbar. Lakini stilhedi anaweza kutaga, asife, akarudi tena baharini. Ndiyo maana aliyezaliwa mtoni hakuna ruhusa kumchukua. Unamshika, unamshukuru, unamwachia.

Sasa la pili, na hili nalisema taratibu. Paramjit ameniomba kwa kweli nibaki hadi Mei. Majira ya baridi nitengeneze boti, masika nianze kuongoza wageni mwenyewe. Anasema nina mkono wa uvuvi. Mimi, wa ghala la Washwood Heath, nina mkono! Sijamjibu. Ukisema rudi, nitarudi tarehe 30. Niambie wewe, lakini niambie ukweli.

Liban


Saltley
9 Oktoba 2018

Mume wangu,

Picha imefika. Nimeomba toba kwa Mungu, na kwa huyo bibi mwenye wajukuu wanne. Mama ameitazama picha akasema angalau si mwanamke mwenye miguu.

Basi nami nimempata wangu.

Ilikuwa Jumapili. Sikuwa nimejiandaa, hakungoja msimu wake, amekuja wiki tano mapema. Nilipambana naye tangu adhuhuri hadi magharibi, na mara mbili nilidhani yeye ndiye atakayenishinda. Maji yalitangulia, kisha yeye. Ni wa kike. Kilo mbili na robo. Nilipomshika alikuwa bado ameloa, anateleza, akafungua kinywa, akapiga chafya, na watu wote walionizunguka wakacheka. Liban, barua yako yote niliielewa pale. Ule mshangao wako niliouona wa kitoto, niliuelewa. Amesafiri kutoka wapi huyu? Nani alimwonyesha njia?

Wamemweka ndani ya kioo, chini ya taa. Nakaa namtazama. Anafumbua jicho moja tu, kama mtu anayekagua bei.

Mimi wangu sikumwachia na simwachii. Uliniomba nikuambie ukweli, nao ndio huu. Ukitaka kumwona, njia unaijua.

Nafiso


Kambini
20 Oktoba 2018

Nafiso wangu,

Umeniua kwa kicheko! Kumbe Kewal alikupeleka Shrewsbury kweli! Mwanamke mwenye mimba hiyo, na ufito mkononi, adhuhuri hadi magharibi! Nimewasomea wenzangu sehemu ya kupambana, wamekupigia makofi mezani. Mama alisemaje?

Ila, mpenzi, kilo mbili na robo ni mdogo sana, na kumweka ndani ya kioo ni kosa. Atakufa. Mwambie Kewal nimeshangaa, mtu mzima kama yeye. Mrudisheni mtoni haraka. Ukiwaachia ndipo unawapenda, hilo nimelijifunza hapa.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema, maana sasa umeonja. Kuhusu Mei hukusema neno, na kwetu kimya ni radhi. Nimemwambia Paramjit ndiyo. Najua uchungu wa kukaa mbali. Lakini mama yuko nawe, Francine yuko, mtoto atazaliwa salama inshallah, na nitakuja nimkute ana miezi sita na anacheka. Adhana naweza kuisoma kwenye kinasa sauti nikaituma.

Helikopta inangoja. Uliposema umenielewa nilijiona mkubwa kama mlima.

Liban


Uwanja wa ndege, Vancouver
21 Oktoba 2018

Nafiso,

Barua ya jana ikifika, usiifungue. Ichome. Nitafika kabla yake, hii nitakupa mkononi, lakini lazima niandike.

Helikopta iliporuka jana, Valérie aliniomba nimsomee barua yako yote, si sehemu ya mapambano peke yake. Nikaanza kumtafsiria. Kiingereza kikanibana: niseme "it", kama kitu, au "she", kama mwanamke? Nikasema "it". It came five weeks early. Akanitazama. Nikaendelea. It opened its mouth and sneezed. Valérie akaweka kikombe chini. "Liban," akasema, "fish don't sneeze." Samaki hawapigi chafya.

Nilisoma tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, na kila neno likageuka mbele yangu. Maji yalitangulia. Kioo. Taa. Wiki tano. Mimi nilikwambia kilo mbili na robo ni mdogo, mrudisheni mtoni! Niliketi kwenye mawe na suruali ya mpira, nikalia kwa hofu na furaha, sikujua kipi kinatangulia. Nimesimama miezi miwili nikishangaa viumbe wanaorudi nyumbani, na wangu akafika nyumbani bila kunikuta.

Nilikwenda kwa Paramjit nikaomba ile simu. Iliita nyumbani, hakuna aliyepokea. Paramjit akapiga simu nyingine, boti ikanitoa usiku huohuo.

Anapumua vizuri? Nani alimwadhinia? Naandika maswali kama mtu wa ofisini. Nakuja.

Liban


Saltley
1 Novemba 2018

Liban,

Umelala chumba cha mbele na mwanetu Deeqa kifuani, na mimi nipo jikoni nakuandikia, kwa sababu kuna maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo utanikatiza kwa kuomba msamaha.

Barua ya tarehe 20 imefika leo asubuhi. Nimeifungua. Mtu akikwambia usifungue, unafungua.

Nilicheka pale ulipoandika kuhusu kioo. Wallahi nilicheka, mama akaja kuona kuna nini. Kisha nikafika kwenye "nimemwambia Paramjit ndiyo". Siku kumi uko hapa, unabadilisha nepi, unamtazama mtoto kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa duniani, na hilo hukulitaja. Nimehesabu mara unazosimama dirishani mvua ikinyesha.

Uliuliza nani alimwadhinia. Mama alitaka tupige ile simu ya kifo na mguu, nikamwambia barua inatosha, atakuja mwenyewe. Siku ya tatu bado alikuwa kwenye kile kioo na mirija puani. Nikaona sitangoja. Niliingiza mkono kwenye tundu, nikasogeza mdomo, nikamsomea mimi, kwa kunong'ona, adhana yote. Muuguzi mmoja, dada wa Kipunjabi, alisimama na chupa ya dawa mkononi hadi nikamaliza. Deeqa aliacha kuhangaika. Sijui kama sheria inaruhusu. Najua alisikia.

Kwa hiyo, sikukulilia nilipokuwa peke yangu, na sitakulilia leo. Kazi ile unaipenda, nimeiona kwenye mwandiko wako, herufi zinakimbia. Sitaki mume aliyebaki kwa sababu amenaswa. Nikuulize mara moja: neno ulilompa Paramjit, bado ni lako? Usijibu kwa mdomo. Mdomo wako una adabu mno. Niandikie.

Nafiso


Chumba cha mbele
Siku hiyohiyo

Nafiso,

Nilimjibu Paramjit kabla sijapanda ndege: hapana. Sikukwambia kwa kuwa ningelazimika kwanza kukwambia niliwahi kusema ndiyo. Mei nitaanza kuongoza wageni Severn na Kewal, waje wasije.

Samahani kwa mwandiko kupinda, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia anao yeye.

Liban